Upande wa Kuongeza

Mwaka 1979, nilipokuwa bado kijana wa kushika chuma cha kulehemu kwa woga, nilimtengenezea mzee mmoja redio yake pale dukani kwetu Tanga. Voliumu yake ilikuwa imechakaa, ikikwaruza kila ukiigusa. Nikang'oa ile mbovu, nikatia nyingine, nikaijaribu kwa sekunde chache, nikamkabidhi. Kesho yake asubuhi alinisubiri mlangoni kabla sijafungua kufuli. "Fundi," aliniambia, "redio inaimba vizuri, lakini inaimba kinyume." Ukizungusha kulia sauti inafifia, ukizungusha kushoto inapanda. Saa sita za usiku alitaka kuipunguza, akaipandisha, akaamsha nyumba nzima pamoja na majirani.

Kosa lilikuwa dogo. Voliumu ina miguu mitatu, nami nilikuwa nimebadilishana nyaya za miguu miwili ya pembeni. Lehemu mbili tu, na mzee akaondoka ameridhika. Lakini mimi nilibaki na swali. Nani alimwambia yule mzee kwamba kulia ni kuongeza? Bomba la maji uani kwake hufunguka kwa kuzungushwa kushoto, na halijapata kumkosesha usingizi. Mkono umezoea hivi kwa maji na vile kwa sauti, wala haumuulizi mwenyewe.

Ningekuwa nimekwisha kusahau habari ile kama isingekuwa mkono wa mpwa wangu. Nitafika huko, ndugu msomaji, lakini njia yake ni ndefu kidogo, maana inapitia kwenye videge vya kuchezea watu wazima.

Mwaka 1983, miaka ile ya foleni za sukari na sabuni, aliingia dukani mgeni mmoja wa Ulaya aliyekuwa mhandisi katika kazi moja hapa mjini. Alibeba boksi la mbao. Ndani mlikuwa na kidege cha mfano chenye injini ya kweli, ndogo kiasi cha kutosha kwenye kiganja, na nguo zake zote zilinuka mafuta ya mbarika. Baadaye nilielewa sababu: injini zile huchoma methanoli iliyochanganywa na mafuta ya mbarika ya kulainishia vyuma. Jinsi alivyoipata methanoli katika miaka ile sikumuuliza, na nadhani nilifanya vyema.

Alikuwa na transmita mkononi, risiva ndani ya kidege, na mashine nne ndogo nyeusi, kila moja kama kiberiti kikubwa, zilizoitwa sevo. Kila sevo ina mkono mdogo wa plastiki unaovuta fimbo nyembamba. Moja huvuta usukani wa mkiani, nyingine huinua na kushusha pua, nyingine hugeuza mabawa, na ya nne hufungua na kufunga kabureta. Hiyo ya nne ndiyo iliyomleta. Ile iliyokuwapo ilikufa, akapata nyingine kwa rafiki, na hiyo mpya ilizunguka upande usiotakiwa. Akisukuma kijiti juu ili injini ingurume, injini ilizimika. Akikivuta chini ili itulie, ilipiga kelele za kufa mtu. Fimbo hakuweza kuihamishia upande wa pili wa mkono wa sevo, kwa sababu tangi la mafuta lilikuwa limeziba njia.

Nikaifungua. Mle ndani nilikuta mota ndogo, gia nne au tano, kibati cha saketi, na rafiki yangu wa zamani: voliumu. Imefungwa kwenye mhimili wa gia ya mwisho, ikizunguka pamoja na mkono wa nje. Nikacheka. Nikasema hii naijua, nikabadilishana nyaya mbili za mota, nikaiwasha. Sevo ikakimbia mpaka mwisho wa gia zake, ikagonga ukuta, ikabaki pale inalia kama mbu.

Yule mgeni hakukasirika. Alichukua karatasi ya kufungia mkate, akachora mstari wenye vilima vya mraba, akanieleza jambo ambalo mpaka leo naliona ni la werevu mkubwa. Transmita haipeleki nguvu wala haipeleki maneno. Inapeleka muda. Kwa kila sevo hutumwa mpigo mmoja mfupi wa umeme, na upana wa mpigo ule, yaani muda unaodumu, ndio amri yenyewe. Mpigo wa milisekunde 1.5 maana yake ni "kaa katikati". Ukipungua kuelekea milisekunde 1, sevo huenda upande mmoja; ukirefuka kuelekea 2, huenda upande wa pili. Sevo nayo hutengeneza mpigo wake wa ndani, ambao urefu wake hutegemea mahali voliumu ilipo. Inaweka mipigo miwili kwenye mizani. Ikiwa haitoshani, mota huzunguka kuelekea upande wa kusawazisha, na zikishatoshana inatulia.

Ndipo nikaona kosa langu. Nilikuwa nimegeuza miguu bila kugeuza macho. Mota ilikuwa inakimbia mbali na mahali inapotafuta, na kila ilivyokosa ndivyo ilivyozidi kukimbia. Nikabadilishana na nyaya mbili za pembeni za voliumu, zile zile za mwaka 1979, na sevo ikawa mtiifu, ila kwa upande wa pili. Jumapili ile kidege kiliruka, na watoto wakakikimbilia uwanja mzima.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma kila kilichonijia mkononi kuhusu mambo haya. Historia yake nitaieleza kwa ufupi, kwa sababu inaonyesha kwamba lile swali la upande halikupata kukaliwa kikao mahali popote.

Wa kwanza kuonyesha hadharani chombo kinachoongozwa kwa mawimbi ya redio alikuwa Nikola Tesla, mwaka 1898, katika maonyesho ya umeme kwenye ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York. Kilikuwa chombo kidogo cha majini. Hati yake ya uvumbuzi, namba 613,809, ilitolewa Novemba 8 mwaka huo huo. Videge vilichelewa. Ndugu wawili mapacha wa Marekani, Walter na William Good, walirusha cha kwao kilichoitwa Guff mwaka 1937 huko Kalamazoo, Michigan, na leo kimehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian.

Siku zile hapakuwa na mpigo mwembamba wala mpana. Palikuwa na ndiyo na hapana tu. Ndani ya kidege paliwekwa mpira uliosokotwa, na kila ulipobonyeza kitufe, kishikizo kiliachia hatua moja kama cha saa ya ukutani: mara moja usukani kulia, mara mbili kushoto. Injini, kama ilipata bahati ya kuongozwa hata kidogo, iliongozwa kwa kubonyeza haraka haraka: ikiwa juu inashuka, ikiwa chini inapanda. Rubani alipaswa kukumbuka kichwani mwake ilikuwa wapi. Hapo hapakuwa na "upande wa kuongeza" kabisa. Palikuwa na kubadilisha tu, na aliyesahau hesabu alijua kwa masikio. Mpira nao ukimaliza kusokotoka, amri zimekwisha.

Vikafuata vifaa vya ndimi za chuma, mfano wa zile za kinanda cha mdomo. Transmita ilipiga sauti, na ulimi mmoja tu kati ya kumi, ule wenye sauti hiyo, ulitetemeka na kuunganisha umeme. Ndimi mbili kwa kila kazi, mmoja wa kupandisha na mmoja wa kushusha. Kwa mafuta, ulishikilia swichi juu mpaka injini ikafika unapotaka, ukaachia. Nauona mpango ule kuwa wa uungwana: kuongeza kuna njia yake na kupunguza kuna njia yake. Ukipindua nyaya unajua mara moja. Lakini ilikuwa kazi ya kudonoa donoa kama kuku, wala hukuweza kusema "nusu".

Wengine walijaribu kuishi kwa mipigo isiyokoma. Upana wa mpigo uligeuza usukani, na wepesi wa mipigo uliinua pua. Mkia wa kidege ulikuwa ukipepea angani wakati wote kama wa mbwa mwenye furaha. Waliuita mzimu unaokwenda shoti. Ulirusha videge vingi, na gharama yake ilikuwa ndogo.

Mpango uliodumu ulitoka California mwanzoni mwa miaka ya 1960. Doug Spreng na Don Mathes walitengeneza seti iliyoitwa Digicon, yenye sevo inayopima upana wa mpigo na kujisahihisha, ile ile aliyonichorea mgeni wangu kwenye karatasi ya mkate. Phil Kraft, aliyekuwa akitengeneza vifaa vya ndimi na baadaye vya mipigo, alichukua ubingwa wa dunia wa videge vya sarakasi mwaka 1967 huko Corsica. Mpango wenyewe ulienea dunia nzima. Hesabu yake ni nyepesi. Chukua sevo 8, kila moja mpigo wake usiozidi milisekunde 2, jumla 16. Ongeza kimya cha milisekunde 4 hivi, ili risiva ijue kwamba msururu umekwisha na mwingine unaanza. Unapata 20, yaani misururu 50 kwa sekunde. Hakuna serikali iliyotunga sheria hiyo. Kila kiwanda kilimwiga mwenzake kwa kuwa kilitaka sevo zake zinunuliwe.

Lakini kuiga kuna mipaka. Futaba wa Japani walishika katikati yao kuwa milisekunde 1.52 na si 1.5. Multiplex wa Ujerumani walikaa miaka mingi na 1.6. Sevo ya huyu kwenye risiva ya yule ilifanya kazi, ila ilisimama upande kidogo. Baadaye zikaja sevo za mkia wa helikopta, ambazo katikati yake ni milisekunde 0.76, nusu kamili ya 1.52, ili ziweze kuamriwa mara nyingi zaidi kwa sekunde. Ukiiunganisha moja ya hizo kwa mpigo wa kawaida, itakimbilia mwisho na kujichoma huko huko. Hizo ni tofauti za upana, na upana hupimika. Mwenye osiloskopu huziona.

Tofauti ya upande ni nyingine. Hakuna kitu ndani ya mpigo kinachosema kwamba mrefu ni mwingi. Futaba walipanga transmita zao hivi kwamba kijiti cha mafuta kikiwa chini mpigo unakuwa mrefu, na kikiwa juu unakuwa mfupi. JR na wengine wengi walipanga kinyume chake. Hata zamu katika msururu hawakupatana: kwa Futaba mafuta ni ya tatu, kwa JR ni ya kwanza. Nimewasikia vijana wakibishana nani alikosea. Kwangu mimi hakuna aliyekosea. Siku walizopanga, mwisho wa waya palikuwa na fimbo na kabureta, na fimbo huhamishika. Uliiweka kushoto au kulia mwa mkono wa sevo, ukamaliza. Aliyeshindwa na nafasi alinunua sevo ya kuzunguka kinyume, au alikwenda kwa fundi wa redio.

Kisha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, transmita zikaanza kuwekwa swichi ndogo za kugeuza, moja kwa kila sevo, mara nyingi zikifichwa chini ya kifuniko. Katika miaka ya 1980 zikawa jambo la kawaida. Riziki yangu ya kubadilishana nyaya, ambayo kwa kweli ilikuwa ya mteja mmoja, ikakatika. Zilipokuja transmita za kompyuta, swichi nazo zikageuka kuwa neno kwenye kioo, na kila chombo kikapata ukurasa wake wa kumbukumbu. Ni raha kubwa. Pia ni jambo la kutisha, kwa sababu fimbo iliyowekwa vibaya unaiona kwa macho, lakini neno lililogeuzwa ukurasa wa nne huna habari nalo.

Na kabla hatujakaa sawa, kabureta yenyewe ikaondoka. Vyombo vikawa vya umeme. Badala ya sevo pakawekwa kidhibiti mwendo, kisanduku kisicho na mkono wala fimbo, kinachopokea mpigo ule ule na kuilisha mota. Sisi bado tunasema "ongeza mafuta" ingawa hakuna hata tone. Kidhibiti hakijui kubembelezwa: kwa kawaida mpigo mfupi ni simama, mrefu ni nguvu zote. Hakuna upande wa pili wa kuhamishia. Anayetumia transmita iliyopangwa kwa kinyume lazima aigeuze kwenye kioo kwanza.

Mwaka 2019 mpwa wangu, aliyesomea upimaji wa ardhi, alikuja nyumbani na wenzake wawili na ndege isiyo na rubani waliyoijenga wenyewe kwa sponji ngumu, ya kupigia picha mashamba kutoka juu. "Shikamoo mjomba, tumekuletea kazi ya uzeeni." Nikasema marahaba, nikavaa miwani. Kazi ilikuwa kukifundisha kidhibiti upana wa mipigo ya transmita yao. Utaratibu wake ni huu: unawasha transmita, unasukuma kijiti cha mafuta juu kabisa, unaunganisha betri, kidhibiti kinaona mpigo mrefu mno kwa mwanzo, kinaelewa kwamba kinafundishwa, kinalia. Unashusha kijiti chini kabisa, kinalia tena. Kimejifunza mwisho na mwanzo.

Jioni iliyotangulia nilikuwa nimekaa peke yangu na ile transmita, nikipitia kurasa zake kwa udadisi, nikigeuza hiki na kurudisha kile. Kimoja sikukirudisha.

Asubuhi mpwa wangu alishika kiwiliwili cha ndege kwenye baraza. Propela ilikuwa mahali pake. Wote wanne tuliiona, na hakuna aliyesema iondolewe. Nikasukuma kijiti juu. Akaunganisha betri. Kwa kuwa nilikuwa nimegeuza upande, kijiti cha juu kilituma mpigo mfupi. Kidhibiti hakikuona mwanafunzi wala mwalimu. Kiliona ndege iliyotulia, ikiwa tayari kuruka, kikalia mlio wa kusema niko tayari. Mlio huo haukuwa ule ulioelezwa kwenye karatasi ya maelekezo. Mimi, niliyeishi miaka 40 kwa masikio yangu, sikuutofautisha. Nikafanya kama karatasi ilivyosema: nikashusha kijiti mpaka chini.

Mota ilichukua nguvu zote kwa mkupuo mmoja. Ndege ilimponyoka, ikarudi, na propela ikapita kwenye vidole vyake vya mkono wa kulia. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifanya kile ambacho mkono wa mtu yeyote ungefanya. Nilikivuta kijiti chini zaidi. Kilikuwa kimekwisha kufika. Kijana mmoja ndiye aliyechomoa betri.

Alishonwa hospitalini siku ile ile. Vidole vyote vipo. Cha shahada hakikunji mpaka mwisho, na anaposhika kalamu huishika kwa namna yake. Hajapata kunilaumu. Mama yake, ambaye ni dada yangu, alininyamazia mwezi mzima, na nilijua nastahili.

Nilipomweleza baadaye jinsi ilivyotokea, alinionyesha jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Ndege yao ilikuwa na kompyuta ya kujiongoza, yenye programu ya ArduPilot. Programu hiyo inataka kijiti cha chini kiwe mpigo mfupi, na ina sababu. Zamani mawimbi yakipotea, risiva ya kawaida ilisikiliza makelele ya anga na sevo zikatetemeka ovyo. Risiva za miaka ya 1980 zilizopokea amri kwa tarakimu zilianza kuweza kushika amri ya mwisho au kwenda mahali palipochaguliwa mapema. Sasa risiva hupangwa hivi: ikipoteza mawimbi, itume kwenye mafuta mpigo mfupi kuliko ule mfupi kabisa ambao kijiti kinaweza kutuma. Kama kijiti chini ni maikrosekunde 1100, basi kupotea iwe 950. Kompyuta ikiona 950 inajua hakuna binadamu upande wa pili, inaigeuza ndege irudi nyumbani. Mpangilio wote umejengwa juu ya upande mmoja. Geuza upande ule, na ile 950 itasimama jirani na nguvu zote badala ya jirani na kutulia.

"Kwa hiyo mjomba," aliniambia, "afadhali ilitokea barazani."

Sikumjibu. Siku hizi akija na chombo kipya tunaanza kwa kung'oa propela na kuiweka juu ya kabati. Tunabandika kipande cha utepe kwenye mhimili wa mota, kama kibendera. Tunafungua ukurasa unaoonyesha mipigo kwa tarakimu, naye anasoma kwa sauti huku mimi nikisogeza kijiti kidogo kidogo: 1100, 1180, 1300. Kama tarakimu zinashuka kijiti kinapopanda, tunageuza na kuanza upya.

Mwezi uliopita alikuta kwenye kopo langu la skrubu sevo moja ya zamani, nyeusi, imepauka. Ni ile iliyokufa mwaka 1983, ambayo mgeni wangu aliniachia kama kumbukumbu na ambayo niliifufua miaka ya baadaye kwa mota ya nyingine. Akauliza inazunguka upande gani mpigo ukirefuka. Nilikuwa nimesahau kabisa. Tukaiunganisha mezani, akasukuma kijiti juu kwa kile kidole kisichokunja, na mkono wa plastiki ukaenda, kwa kukwaruza, kushoto.